Vijana waliobomoa nyumba ya marehemu jirani yangu, Lindi: nyota nne kati ya tano

Naandika haya nimekaa uani kwangu, Mikumbi, Lindi, cherehani iko mbele yangu. Mapema mwaka 2024 nisingethubutu kukaa hapa. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo, umeniinamia, na kila nikiweka kitambaa chini ya sindano nilikuwa nausikiliza kwanza kama umelia. Sasa ukuta haupo. Walioutoa ni vijana watano na fundi wao wa makamo, wana kijiwe nyuma ya soko kuu pale yanapoegeshwa matoyo ya mizigo. Hawana bango wala jina la kampuni. Ukiuliza "wale wa kubomoa" utaonyeshwa.

Nawapa nyota nne. Itabidi nianze na nyumba yenyewe, maana bila kujua walikuta nini, kazi yao mtu ataiona ya kawaida.

Marehemu jirani yangu mtaa mzima tulimwita Babu. Alikuwa mtu wa mkonge, alifanya kazi Kikwetu miaka mingi, akajenga kwa mshahara wake na korosho za shamba la mkewe. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, jiko na choo nyuma, na kisima cha uani kilichochimbwa zamani maji ya bomba yalipokuwa ya kubahatisha. Nyumba ya miti na udongo, imekandikwa kwa vijiwe vya matumbawe, nje ikapigwa lipu ya simenti. Ilikuwa nyumba nzuri. Nimeolewa hapa nikiwa binti, na baraza ile ndiyo niliyokaa nikisukwa nywele na mke wa Babu.

Bibi alitangulia. Babu akafuata mwaka 2015. Watoto wao watatu, mmoja yuko Mbagala, mmoja Masasi, mmoja Nachingwea. Walikuja kwenye msiba, wakaja arobaini, wakafunga mlango kwa kufuli kubwa, wakaondoka. Siwalaumu kwa hilo, kila mtu na maisha yake. Lakini nyumba ya udongo ikikosa mtu haikai. Upepo wa bahari unakula bati. Bati moja likitoboka, maji yanaingia kichwani mwa ukuta na kushuka ndani kwa ndani, na ile lipu ya nje inaficha kila kitu. Unapita asubuhi unaona ukuta mzima, kumbe ni ganda.

Hilo nililijua siku fundi aliponionyesha. Alichukua kipande cha nondo akagonga lipu upande wangu. Ikalia kama ngoma. Akabandua kipande cha ukubwa wa sahani ya wali, akaniambia, "Mama, tia mkono." Ndani hapakuwa na udongo. Palikuwa na nguzo iliyoliwa na mchwa, nyepesi mkononi kama gome la muhogo, na vumbi laini lililomwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Ukuta wa urefu wa mtu na nusu ulikuwa umesimama kwa lipu peke yake.

Lakini kabla ya fundi palitokea mambo mawili, na yote mawili lazima niyaseme.

La kwanza lilikuwa Januari 2024, usiku, mvua ya msimu imekolea. Nilisikia kishindo kama gunia la simenti limetupwa. Asubuhi tukakuta kona ya juu ya ukuta imeanguka kwenye banda langu la kuku. Kuku watatu walikufa, mmoja alikuwa anaatamia. Nikampigia simu yule kaka wa Mbagala, mtoto mkubwa wa Babu. Akanipa pole sana, akasema atazungumza na wenzake. Nikampigia dada wa Masasi, akasema anamsubiri kaka mkubwa. Wa Nachingwea hakupokea.

La pili lilikuwa Februari. Mjukuu wangu wa miaka sita nilimkosa ndani, nikamkosa kwa jirani wa kushoto, nikapita kwenye tundu la uzio mpaka uani kwa Babu. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa bati moja la kutu na juu yake tairi kuukuu la gari. Tairi lilikuwa limesukumwa pembeni. Mtoto amelala kifudifudi juu ya bati, ametia jicho kwenye tundu la kutu, anatumbukiza vijiwe kimoja kimoja na kuhesabu mpaka asikie chubwi. Bati lilikuwa limebonyea chini ya viwiko vyake. Sikupiga kelele, niliogopa akishtuka atajigeuza. Nilivua kandambili, nikatembea mpaka nilipomfikia, nikamshika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili, nikamvuta. Akaniambia, "Bibi, nimefika saba." Fundi alipokuja kupima kwa kamba, kisima kile kilikuwa na futi 38 mpaka kwenye maji.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri, na sikuona tena aibu ya kusumbua watu.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaja siku hiyohiyo, akaangalia, akaandika. Kuna ofisi nyingine, sitaitaja, nilizungushwa wiki tatu nzima, njoo kesho, mhusika yuko semina, barua yako haina muhuri. Ila bwana afya alipokuja alifanya kazi. Alizunguka ile nyumba na tochi mchana, akatuonyesha madumu yaliyopasuka, mtungi wa Bibi, na matairi mawili, vyote vina maji ya mvua. Akachota kwenye kikopo cheupe, akanipa nitazame. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajinyonganyonga humo. Akasema mbu hawa wa kwenye vyombo ndio wanaoleta dengi na chikungunya, na wanauma mchana. Akaniuliza kama najua chikungunya ni neno la wapi. Nilikuwa sijui. Akasema ni la Kimakonde, ugonjwa ulijulikana kwanza huku kwetu, uwanda wa juu wa Makonde, mwaka 1952, na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Mama yangu ni Mmakonde wa Newala na sikuwahi kulisikia hilo. Vyombo vyote tukavimwaga na kuvipindua palepale. Kisha akaandika ilani kwa wenye nyumba. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka hayo, kumtaka mwenye nyumba aondoe kero inayohatarisha watu. Lakini ilani inahitaji wa kupokea, na aliyeandikwa kama mwenye nyumba alikuwa kaburini.

Nilipofika kwa fundi nilikuwa na shilingi 300,000 za upatu kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua nilipe mwenyewe, pabomolewe, yaishe. Tayari kundi jingine la vijana lilikuwa limeniambia 400,000 kwa kila kitu, na kesho yake asubuhi wangekuwa kazini. Nilimwendea huyu kwa kuwa mwenyekiti alimtaja, na nilidhani nitampunguza bei.

Alikuja akaizunguka nyumba kimya kimya, akaonyesha lile tundu la ukuta nililosimulia, akapima kisima. Kisha akakaa kwenye msingi wa baraza akaniuliza, "Mama, nyumba hii ina mwenyewe?"

Nikasema mwenyewe amefariki.

"Basi ina wenyewe. Wako wangapi?"

Nikamwambia watatu. Akasema hataigusa mpaka awe na vitu vitatu mkononi: karatasi ya msimamizi wa mirathi inayomruhusu kwa jina, barua ya serikali ya mtaa, na umeme uwe umekatwa na wenye umeme wenyewe. Nilikasirika. Nilimwambia mtoto wangu nusura afe, yeye ananiambia karatasi. Hakupandisha sauti. Alinisimulia kwamba miaka ya nyuma aliwahi kubomoa banda kwa neno la jirani kama mimi, mtoto wa marehemu akatokea Tunduru, akamshitaki kwa kuharibu mali, akalala kituo cha polisi siku mbili na kulipa milango aliyokuwa hajaiona. "Na wewe ungelala humo, mama. Wewe ndiye ungekuwa umeleta watu."

Sasa hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanielewe, hasa walio na gofu pembeni yao na pesa mkononi. Baadaye, kwenye kikao cha ukoo, yule wa Nachingwea aliyekuwa hapokei simu alisema mbele yetu sote kwamba kama angekuta nyumba ya baba yake imebomolewa bila yeye kujua, angefungua kesi. Alisema bila hasira, na nilimwamini. Wale wa 400,000 wangenipeleka huko. Huyu aliyekataa pesa yangu ndiye aliyeniokoa, na ile nyota ya kwanza ninayompa ni ya siku hiyo, siku ambayo hakuvunja hata fito.

Wala hakuniacha hivihivi. Alisema yapo ya kufanya leo ambayo hayagusi mali ya mtu. Mwenyekiti akaitwa ashuhudie. Akasimamisha mirunda minne upande wangu, imeegemea ukuta kwa juu na chini imezamishwa kwenye mashimo yenye mawe, na kati ya mirunda na ukuta akalaza ubao ili uzito usambae na lipu isitobolewe. Kisimani akaondoa bati, akapanga mbao nene na kuzigongelea misumari, juu akaweka mawe ambayo mtoto hawezi kuyasogeza. Alinitoza 20,000 ya vibarua, mirunda nilinunua mwenyewe. Mtu mwingine angesema mpaka kazi kamili ndipo aje.

Ile mirunda ndiyo iliyotuvusha Hidaya. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2024, wakati kimbunga kinaelekea Mafia, upepo na mvua huku Lindi havikuwa vya kawaida. Tulihamia wote chumba cha mbele, mbali na ule ukuta. Mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa mtoto kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi, alikaa macho na tasbihi mpaka alfajiri, na kila upepo ukiongezeka alituambia tusikae karibu na dirisha. Bati tano za Babu ziliruka usiku ule. Moja tuliikuta imejikunja kwenye mnazi wa jirani wa tatu, ncha yake kali kama panga. Nilishukuru njia ilikuwa tupu. Ukuta ulisogea, mrunda mmoja ukapinda, lakini haukuanguka.

Ndugu wa Mbagala alitaka kuja wiki ile, barabara ya Dar ikawa imekatika huko Kilwa. Alikuja Juni. Nilimpokea kwangu, tukala, kisha nikamshika mkono nikampeleka kisimani, nikatoa ubao mmoja, nikamsimulia kuhusu mtoto. Alikaa chini. Akasema, "Dada, sisi tulijua nyumba imesimama." Kikao cha ukoo kilikaa barazani kwangu, dada wa Masasi alikuja, wa Nachingwea naye alikuja. Muhtasari ukaandikwa, wakamchagua mkubwa awe msimamizi, akafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Miaka tisa ilikuwa imepita bila mtu kufanya hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake. Akapata karatasi yake ya usimamizi, akaandika ruhusa kwa jina la fundi, mtaa ukaandika barua, waya wa umeme uliokuwa unaning'inia juu ya jiko ukakatwa na watu wa umeme. Karatasi zote tatu fundi alizitia kwenye bahasha ya nailoni na ilikuwa mfukoni mwake siku zote za kazi.

Walifanya Agosti, wakati wa kusi, hakuna mvua. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema tusivuke Septemba, kwa sababu korosho zikianza vijana wanakwenda mashambani na maghalani, utampata mtu kwa bei mara mbili, na mara mvua zinaingia.

Jioni ya kabla ya kazi walikuja na mrina asali, maana darini palikuwa na nyuki. Alisubiri giza, akapanda na moshi wa makumbi ya nazi, akawahamishia kwenye mzinga na kuondoka nao kwenda shambani kwake. Hakuna aliyeumwa ila yeye mwenyewe mara mbili mkononi. Jioni hiyohiyo vijana wawili walipita nyumba hadi nyumba, wakasalimia wazee, wakaomba watu wasianike nguo kesho na watoto wasitoke upande huu. Mimi waliniambia nitoe cherehani uani na kuwafungia kuku.

Asubuhi walianza juu. Bati zilifunguliwa moja moja kuanzia mgongoni mwa nyumba, zikapokelewa chini kwa mikono, hakuna iliyotupwa. Halafu pao, halafu makombamoyo. Nilidhani kuta watazisukuma tu. Hapana. Walifunika upande wangu wote kwa turubai, wakaumwagia maji ukuta kwa madumu mpaka ukalowa ili vumbi lisitoke, kisha kijana mmoja mwembamba akaingia ndani na msumeno akakata nguzo upande wa ndani, akiacha mbili za pembeni. Wote wakatoka. Fundi akawahesabu kwa majina. Kamba mbili ndefu zilikuwa zimefungwa juu, wakavuta kwa pamoja kutoka upande wa pili, na ukuta ukalala ndani ya nyumba yenyewe. Upande wangu hakikuanguka hata kijiwe. Nimeutazama ule ukuta miezi minane nikijua utaniua mimi au mtoto, na uliondoka kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nililia, na sikujificha.

Saa sita na nusu walisimama kuswali. Siku ya pili lilipita jeneza barabarani, wakaweka zana chini, wawili wakalisindikiza mpaka njia panda ndipo wakarudi. Mambo haya kwa mtu wa mbali ni madogo. Huku kwetu yanamwambia mwenye mtaa umemleta nani.

Kila kilichotoka kiliandikwa kwenye daftari: boriti za mikoko 14 zilizo nzima, mlango wa mbele wa mninga na fremu yake, madirisha manne, nondo za madirisha, bati za kuuza kwa kilo. Siku ya pili kijana mmoja alikuta kisanduku cha bati kwenye shubaka la chumba cha Babu, nyuma ya kabati lililoanguka. Hakukifungua. Alikileta kwa fundi, fundi akampigia simu yule mkubwa, kikafunguliwa mbele ya mwenyekiti na mimi. Ndani mlikuwa na stakabadhi za korosho za zamani zimefungwa kwa uzi, bangili mbili za Bibi, na picha yao wakiwa vijana, wamesimama mbele ya baraza ikiwa bado haijasakafiwa. Dada wa Masasi alipoonyeshwa ile picha kwenye simu hakuweza kusema. Hiyo nyumba kwangu ilikuwa hatari, kwao ilikuwa baba na mama, na wale vijana walifanya kazi kama wanaolijua hilo.

Kisima hawakukifukia. Wenye mali walitaka kibaki, siku wakijenga watahitaji maji. Fundi alikubali, akasema kisima kikishafukiwa hovyo na takataka uchafu unakwenda kwenye visima vya wengine, maana maji ya chini ni mamoja. Walimwaga mfuniko wa zege wenye nondo, unene wa vidole vinne, na katikati kidirisha cha chuma chenye kufuli. Ufunguo mmoja uko kwa mwenyekiti, mmoja kwangu. Mjukuu wangu huruka juu yake sasa na moyo wangu haushtuki.

Bei ilikuwa hivi. Kubomoa, kupanga na kusafisha 480,000. Kufukia choo 90,000. Mfuniko wa kisima pamoja na vifaa 130,000. Mrina asali 50,000. Jumla 750,000, nusu kabla na nusu baada. Wenye nyumba walitoa 550,000 na mimi nikatoa 200,000. Wapo walionishangaa kwa nini nilipe kwa nyumba isiyo yangu. Kisheria haikunihusu, mwenye mali ndiye anayepaswa kuondoa hatari ya mali yake. Lakini nilitaka iishe kabla ya mvua, na ile 200,000 ndiyo iliyofanya wale watatu waone haya kuendelea kusubiriana. Sijutii hata senti.

Sasa nyota iliyobaki.

Choo hawakukifukia vizuri. Siku ya tatu walikuwa na haraka, kulikuwa na kazi nyingine Mtama inawangoja, nikawaona wanamimina kifusi kwa toroli mfululizo bila kushindilia, mawe makubwa na udongo mkavu pamoja. Nilimuuliza fundi, akasema kitashuka kidogo tu, ndiyo maana kaacha kichuguu juu. Desemba, mvua ya tatu, kikashuka. Si kidogo. Asubuhi palikuwa na shimo la kina cha goti, na kingo zake bado zinamomonyoka. Shimo la choo kuukuu uani ambako watoto wanapita ndilo jambo lilelile nililokuwa nimelikimbia.

Nilipiga simu siku ileile. Alikuja siku ya tisa. Siku tisa ni nyingi mno. Niliziba kwa matawi ya miiba na nikamweka mtoto kwa shangazi yake. Alipofika hakubishana wala hakunidai. Walitoa kifusi chote cha juu mpaka kimo cha mtu, wakarudisha kwa tabaka, kila tabaka la shubiri mbili wakilimwagia maji na kulishindilia kwa gogo, wakamaliza kwa udongo mwekundu uliopandishwa kama kaburi. Ilichukua siku nzima, bure. Mvua za mwaka 2025 zote zimepita juu yake na hakijashuka tena. Kwa hiyo wanajua kukifanya, na kilichowashinda mara ya kwanza ni haraka. Mtakaowaita, simameni juu yao kwenye kushindilia, msione aibu.

Na jambo la pili ni la vijana wenyewe. Darini mlikuwa na kinyesi cha popo cha miaka, kavu, kinapaa kikiguswa. Walijifunga vitambaa vya kichwa puani, basi. Nilikwenda kununua barakoa za dukani nikawapa, wawili wakavaa, watatu wakasema zinabana. Fundi aliyewahesabu kwa majina kabla ya kuvuta ukuta angeweza kuwalazimisha na hili. Ni watoto wa watu, na kifua hakinunuliwi soko kuu.

Kuna ndugu mmoja kijiweni aliniambia fundi husomewa maoni ya watu na binti yake jioni. Basi, fundi, kwanza nakushukuru tena mimi na nyumba yangu. La pili, misumari. Mchanga mlioufagia bado una misumari ya bati, ile yenye kofia, tumeokota kopo zima la mafuta na bado inatoka kila mvua ikinyesha. Mjukuu wangu mmoja umemwingia kwenye kandambili, haukufika kwenye nyama. Chukua sumaku ya spika mbovu, ziko kwa mafundi redio hapo karibu na kijiwe chenu, ifunge kwenye fimbo, na kila mkimaliza kazi kijana mmoja aipitishe uwanja wote kabla hamjapakia toyo. Kwangu njoo nayo siku yoyote, nipo.